Biskuti Nyekundu ya Ustadhi Shawki

Mjini kwetu Tanta kila ukuta una mwalimu wake. Ukuta wa stesheni, ukuta wa hospitali, hata ukuta wa makaburi ambako wateja wamekwisha pungua, zote zimebandikwa picha za wanaume waliovaa tai: Jemadari wa Kemia, Tembo wa Hisabati, na katikati yao, mwenye masharubu yaliyotiwa wanja mpaka yakapita kiasi, Sultani wa Fasihi, Ustadhi Shawki Bayumi. Watu wa Iskandaria wana bahari yao, wa Kairo wana foleni zao. Sisi tuna dengu tamu na walimu wa masomo ya ziada, na kwa hayo mawili mtu asijipime nasi.

Usultani wenyewe ulikuwa ghorofa ya nne, lifti iliyokufa tangu zama za mwenye nyumba wa kwanza. Sebule ilitolewa makochi ikapangwa mabenchi, wasichana upande wa roshani, wavulana upande wa choo. Ustadhi Shawki alisimama mbele na kipaza sauti, ingawa chumba chenyewe ukipiga chafya mbele, wa nyuma anapangusa uso.

"Mhusika mpe sifa tatu!" alikuwa akinguruma. "Dhamira, sentensi moja! Mandhari, sema yanaashiria nini! Halafu?"

"Halafu tunakimbia kabla hatujafikiri!" wanafunzi waliitikia, maana ndivyo alivyowafunza, na yeye hucheka mwenyewe mpaka meno ya dhahabu yaonekane.

Usimdharau. Mtu yule aliipenda fasihi kama wengine wanavyopenda nyama. Ujanani aliwahi kulia mbele za watu kwa sababu ya beti mbili. Lakini mapenzi hayalishi nyumba, na mtihani wa mwisho wa sekondari hauulizi umelia wapi. Una majibu ya mfano, yaliyopigwa chapa, na msahihishaji anaweka jibu la mtoto kando ya jibu la mfano kama fundi nguo anavyoweka kitambaa juu ya kipimo. Kinachozidi kinakatwa. Na majibu ya mfano ya tamthilia ya mwaka ule, nani aliyaandika? Yeye, Sultani. Waliomwomba ni wakubwa wa kamati ya mitihani, naye kwa furaha akanunua suti.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya zamani, watoto wetu wameisoma mpaka kurasa zikawa laini kama mkate wa jana. Mji umezingirwa na maadui. Mlinzi wa lango analala, mkewe anafungua lango alfajiri, mji unaanguka. Jibu la mfano: mke ni dhaifu, ni msaliti, ni mwenye tamaa. Dhamira ni usaliti. Lango linaashiria uthabiti wa taifa. Basi, funga daftari.

Jumanne moja Ibtisam, binti wa Hajj Mursi mshona magodoro, akainua mkono. Msichana mwembamba, kope za pamba, kwa sababu nyumba yao pamba haiishi kupepea.

"Ustadhi, huyu mama anakaa wapi?"

"Anakaa mjini, mama. Ulitaka akae Paris?"

Darasa likacheka. Ibtisam akangoja kicheko kipite.

"Nauliza ndani ya tamthilia. Maonyesho yote matano wanaume wako juu ya ukuta, wanaona maadui, wanaona nyota. Yeye yuko chumba cha chini, anapika. Nimetafuta dirisha, Ustadhi. Mwandishi hakumpa dirisha. Hajawaona hao maadui hata siku moja. Na mumewe, onyesho la pili, anarudi na mfuko wa ngano wakati mji mzima una njaa. Ameitoa wapi? Mimi naona ufunguo ulishauzwa kabla mke hajaugusa. Wamemtuma afungue, halafu wamemwita msaliti."

Mvulana mmoja akanong'ona, "Huyu naye, analeta polisi." Lakini Ustadhi Shawki alikuwa amekishusha kipaza sauti. Zile kurasa alikuwa amezifundisha miaka na miaka, na mfuko wa ngano aliupita kila mwaka kama watu wapitavyo ombaomba waliyemzoea. Kitu cha ujanani kikamrudia. Na kwa kuwa mtu mwenye mdomo hawezi kuguswa akanyamaza, akapiga makofi.

"Mnasikia? Mnasikia, nyie mabua? Hivi ndivyo fasihi inavyosomwa! Binti yangu, siku ya mtihani andika hivyo hivyo. Hivyo hivyo! Wakikunyima alama, waambie Shawki Bayumi amesema!"

Maneno ni bure, ndiyo maana watu wanayatawanya.

Ibtisam hakuwa mtu wa kutawanya. Nyumbani kwao palikuwa na mapatano, na mtaa mzima uliyajua kwa sababu Hajj Mursi alikuwa akizungumza kwa sauti ya mtu anayepiga pamba. Alimwambia binti yake mbele ya majirani: "Ukipata alama za Kitivo cha Lugha cha Kairo, wallahi nitakupeleka mwenyewe, na kitanda nitakibeba kichwani. Usipozipata, mwana wa shangazi yako yuko Kuwait anasubiri, na mimi sitamwambia asubiri tena." Hakuwa baba mbaya. Alikuwa na mabinti wengine watatu nyuma ya huyo, na kifua kilichojaa pamba.

Swali likaja kama lilivyotakiwa kuja: Changanua mhusika wa mke wa mlinzi, ukieleza dhamira na mandhari. Ibtisam akatabasamu pale pale kwenye chumba cha mtihani. Akaandika hivyo hivyo.

Julai, usahihishaji. Shule moja kongwe, mapangaboi yanazunguka kwa kulalamika, walimu wenye taulo shingoni, harufu ya mikate ya maharage na vitunguu. Karatasi hazina majina, zina namba za siri tu. Ustadhi Shawki alikaa na kalamu yake nyekundu, kifua mbele, maana kila mtu chumbani alikuwa akipima kwa kipimo alichokikata yeye. Akasahihisha rundo zima bila kutoa jasho. Dhaifu, msaliti, mwenye tamaa. Dhaifu, msaliti, mwenye tamaa. Wengine walikuwa wake mwenyewe, hata alama za mshangao aliwafundisha yeye.

Halafu akafungua karatasi moja, akasoma: *Mwandishi hakumpa dirisha.*

Akaifunga. Akaifungua. Akatazama huku na huku kama mtu aliyekuta mwanawe sokoni anauzwa.

"Vipi, Sultani?" Ustadhi Lutfi, mkuu wa chumba, alikuwa amesimama nyuma yake na kalamu ya kijani ya kuhakiki. "Umepata hazina?"

"Hapana, Bwana Mkuu. Kuna huyu... ameandika kitu cha namna yake. Si kibaya. Nasema tu, ukikitazama vizuri..."

Lutfi akainama, akasoma mistari miwili, akacheka puani. "Mke hana hatia? Aa. Jibu la mfano linasemaje?"

"Linasema msaliti."

"Nani ameliandika?"

"Mimi."

"Sasa unataka ujikane mwenyewe? Ndugu yangu, mwaka jana Bahgat alimhurumia mmoja, akampa alama nje ya jibu la mfano. Unajua yuko wapi sasa? Anafundisha Aswan, mwisho wa nchi, anawafundisha mamba." Akampigapiga begani. "Na mwakani chumba hiki kinahitaji mkuu mpya. Mimi nastaafu. Usinitie aibu."

Akaenda zake kunywa chai. Hakulazimisha, hakutisha. Aliacha tu mlango wazi, na Ustadhi Shawki akabaki na kalamu.

Hapo ndipo mtu anapopimwa, na mimi nakwambia hakuna aliyekuwa akimwona. Angeweza kuandika nusu. Angeweza kuandika robo, na hiyo robo, kama ilivyojulikana baadaye, ingetosha. Alifikiria masharubu yake kwenye kuta. Alifikiria joto la Aswan mwezi wa nane. Akajiambia, pengine si yeye, wasichana ni wengi. Mwongo! Hilo dirisha alikuwa amelipigia makofi kwa mikono yake.

Akachora sifuri. Sisi sifuri nyekundu tunaiita biskuti, kwa kuwa ni duara kama biskuti za Idi. Na biskuti ya Shawki Bayumi ilikuwa na mkia mdogo chini, kama dengu iliyoanza kuchipua. Ndivyo alivyoichora siku zote, hata kwenye madaftari ya sebuleni kwake.

Matokeo yakatoka. Kilio cha kawaida, vigelegele vya kawaida, risasi mbili tatu hewani. Ibtisam alikosa Kitivo cha Lugha kwa upana wa robo ya swali moja. Hajj Mursi alimkubalia apeleke lalamiko na akatazame karatasi yake, kwa sababu haki ni haki. Lakini nani asiyejua lalamiko letu lilivyo? Hawasahihishi upya. Wanajumlisha tena tu. Wakajumlisha, hesabu ikawa sahihi kabisa.

Ustadhi Shawki akaanza kupita njia nyingine kwenda sokoni. Njia ndefu, yenye mbwa. Lakini mji mdogo hauna njia ya kutosha, na asubuhi moja ya Septemba akakata kona akaingia katikati ya pamba.

Hajj Mursi alikuwa akitengeneza magodoro ya harusi ya binti yake mtaani, kama desturi. Mkeka umetandikwa, upinde wa kupigia pamba unalia *dung, dung*, wanawake wanaimba, sinia za sharubati zinazunguka, na pamba inapanda mpaka kwenye nyaya za umeme. Kwa miaka alikuwa amewashonea mabinti wa watu. Leo zamu yake.

"Ustadhi!" Hajj Mursi akatupa upinde, akamkumbatia mpaka suti ikawa nyeupe. "Ewe mwalimu wa wanangu, nilisema hutakuja! Leteni kiti! Leteni sharubati! Ulijitahidi, Ustadhi, tunajua. Binti alisema mwenyewe, hakuna aliyemfundisha kama wewe. Lakini riziki imeandikwa."

"Imeandikwa," Ustadhi Shawki akasema.

"Kuwait, Ustadhi! Ghorofa ya kumi na moja! Kuna mashine ya baridi, hata madirisha hawafungui mwaka mzima!"

Ibtisam ndiye aliyeleta sharubati. Mikono ilikuwa tayari na hina. Alisimama karibu, baba yake alipogeuka kuwagombeza watoto waliorukia pamba.

"Hongera, binti yangu," mwalimu akasema, macho kwenye glasi.

"Ahsante, Ustadhi. Nilikwenda kuitazama karatasi yangu."

"Enhe."

"Walinipa dakika chache tu. Sikuhitaji nyingi." Sauti yake haikupanda. "Biskuti yako ina mkia."

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Ustadhi Shawki akaangalia kama Hajj Mursi bado amegeuka.

"Umemwambia baba yako?"

"Nimwambie nini? Anakupenda." Akachukua glasi ambayo haikunywewa. "Nilidhani yule mama wa tamthilia hakuwa na mtu wa kumsemea kwa sababu hapakuwa na aliyejua. Kumbe mmoja alijua. Hilo ningeliandika, ningepata sifuri ya haki, maana ndani ya tamthilia halimo."

Akarudi ndani. Hajj Mursi akaja, akang'ang'ania mwalimu aseme neno la baraka, basi akasimama juu ya mkeka, akasema kwa sauti nene kwamba ndoa inaashiria uthabiti wa jamii. Watu wakapiga makofi. Walisema siku nyingi, Sultani hana mpinzani.

Mwaka uliofuata alipewa ukuu wa chumba na kalamu ya kijani. Picha mpya zikabandikwa. Na Jumanne, sebuleni, tamthilia ile ile, akawa anatoa imla, taratibu, bila kipaza sauti: "Mke wa mlinzi. Andikeni. Dhaifu. Msaliti. Mwenye tamaa."

Msichana mmoja upande wa roshani akainua mkono.

"Ustadhi, ule mfuko wa ngano wa onyesho la pili..."

"Shusha mkono," akasema Ustadhi Shawki. "Andika."