Vigae vya Keike

Keike Bandiks aliishi miaka hamsini na nane katika nyumba moja, juu ya kilima cha udongo, kwenye kisiwa kinachotosha kulisha ng'ombe ishirini tu. Kuta za nyumba hiyo zilijengwa upya mara tatu, wala hakuona ajabu. Kwao ukuta haubebi kitu. Paa la matete na dari ya kuwekea nyasi kavu hukalia nguzo za mwaloni zilizozikwa chini kabisa. Bahari ikipanda, matofali huachwa yaende zake na watu hupanda darini.

Lakini alipoolewa alikuja na vigae vya buluu mia mbili, alivyoachiwa na marehemu baba yake, baharia. Mara vilipobandikwa kwenye ukuta wa sebule, akaanza kumsumbua mumewe, Ocke.

"Ufunge huu ukuta kwenye nguzo, kwa chuma. Sitaki vyangu viende na maji."

Mama mkwe akadakia, "Heh! Bibi harusi anataka kuifunga bahari."

"Wewe huna vigae, mama, ndiyo maana."

Ocke alijua fika kwamba mama yake alisema kweli. Lakini penzi lilikuwa bado bichi, akafunga mikanda minne ya chuma na kuibana kwa pini.

Novemba ya mwaka wa tatu, Ocke akiwa ng'ambo kuuza kondoo, bahari ilipanda kilima adhuhuri. Wanawake wale wawili wakakimbilia darini. Kila wimbi lilipouvuta ukuta, ukuta nao uliivuta nguzo, na dari ikayumba. Keike alimtazama mama mkwe, akingoja masimango. Bibi alinyamaza kimya, na hapo ndipo Keike alipoogopa kwelikweli.

Alichukua nyundo akashuka ngazi. Maji ya kiuno, baridi ya kukata pumzi. Akagonga pini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilipotoka, ukuta ukaanguka nje pamoja na buluu yote, na nguzo ikatulia.

Aliporudi juu alilia kama mtoto. Mama mkwe akamfunika kwa shali yake mwenyewe.

"Lia, mwanangu. Mimi langu lilikuwa kabati la mama."

Ocke alirudi na matofali. Katika tope aliokota kigae kimoja kizima.

"Nikibandike wapi? Ukuta huu mpya?"

"Ukuta gani tena?" Keike alisema. "Kiweke kwenye nguzo."