Gari Letu la Mlenda

Nyinyi mliokulia Songea miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mtakumbuka: maduka ya mjini yalijaa magari ya plastiki, nasi watoto wa Mshangano, pembeni mwa mji, tuliyaangalia tu, kisha tukarudi nyumbani kuchonga ya kwetu.

Nilikuwa msichana mwenye aibu, niliyezoeana na misumari kuliko watu. Mimi na Osmund, mtoto wa jirani, tulitengeneza gari la mbao, magurudumu tukayakata kwenye gogo. Tulilijaribu mlimani, kwanza kwa jiwe, kisha kwa boga. Boga likapasuka, na mama alikuwa amelitunza kwa mbegu. Baba akasema, "Jumamosi gari hili lisipofikisha debe la mahindi mashineni, nalipasua kuni."

Tatizo lilikuwa ekseli. Mti kwa mti, ilipiga kelele hadi ikafuka moshi. Oili chafu ilipatikana gereji, mbali mjini. Osmund akachungulia jikoni kwetu.

"Mlenda! Ugali wenyewe unateleza, sembuse gurudumu?"

Ijumaa jioni tukapaka sufuria nzima ya mboga hiyo ya usiku. Gari lilishuka mlima kimya kabisa. Nyumbani tulikula ugali kwa chumvi.

Asubuhi halikusogea. Mlenda ulikuwa umekauka, umeshika kama gundi. Baba alisimama na shoka mkononi.

"Haya, mafundi?"

"Sema wewe, ni baba yako," Osmund akaninong'oneza.

Nikachukua kopo la maji, nikamwagia ekseli, nikangoja, nikamwagia tena. Gurudumu likalegea, likazunguka, ute ukidondoka.

Tukasukuma hadi mashineni, tukisimama kila baada ya nyumba chache kulinywesha maji. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walicheka: "Jamani, gari gani hili lina mafua?"

Tuliporudi na unga, baba aliipapasa ekseli, akanusa kidole. "Kuni nitatafuta porini," akasema.

Siku hizi mtoto wa kaka yangu anaunda magari kwenye simu, ya magurudumu kumi na mawili, mengine yana mabawa. Moja likivunjika anabonyeza, linakuja zima. Kibanzi kidoleni hakijui. Lakini simlaumu, anavyouma ulimi akipanga vyuma vyake, ni Osmund mtupu.

Juzi nilimuuliza, "Hilo linapeleka nini huko chini?"

"Halipeleki kitu, shangazi. Linashuka tu."

Nikasogea karibu yake, tukaliangalia likishuka.