Kompyuta Tatu za Chama na Barua Moja

Tupokigwe alikuwa karani wa chama cha wakulima wa chai mjini Tukuyu tangu enzi za taipureta. Soko huria lilipokuja, wafadhili wakaleta kompyuta tatu. Mbili zikawekwa ofisini. Ya tatu meneja Asajile aliipeleka kwake mtaa wa Msasani, humo humo mjini, akisema kiongozi hana saa za kazi. Kazi yenyewe, kama Tupokigwe alivyokuja kujua, ilikuwa watoto wa meneja kucheza karata za kwenye kompyuta.

Mwaka 2002 mnunuzi mmoja wa Uholanzi aliahidi kwa simu kwamba ataandika barua pepe kutaja siku ya kupelekewa sampuli za chai. Wakulima wa Kinyala na Lupepo wakachuma majani mazuri, wakangoja. Kila asubuhi Tupokigwe aliunganisha modemu, akaisikiliza ikikoroma, akafungua sanduku la barua: tupu. Mwezi ukapita. Mnunuzi akaenda kwingine. Kwenye kikao cha kamati Asajile alisema, bila hata kumtazama, kwamba barua ilipotelea mezani kwa karani.

Alilimeza hilo. Jumamosi iliyofuata alipeleka hati za kusainiwa nyumbani kwa bosi. Mkewe akamkaribisha sebuleni angoje, na pale kwenye kioo cha kompyuta, nyuma ya karata, Tupokigwe akaona barua thelathini na saba zisizosomwa. Ya mnunuzi ilikuwa ya nne kutoka juu. Kompyuta ile ilikuwa ikijivutia barua za chama yenyewe, ikizitoa kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayozitunza, na za ofisini zikibaki zinaramba sahani.

Alipomweleza, Asajile alikunja uso. Mambo haya, alisema, yanataka mtaalamu.

Mtaalamu akaja kutoka Mbeya, jina lake Erasto, na begi lenye mifuko mingi kuliko vifaa. Siku ya kwanza alisema ni virusi. Siku ya pili alisema ni umeme. Akabadilisha picha za kwenye vioo, akaweka maporomoko ya maji, akaipa kila kompyuta neno lake la siri la kufungulia barua, akala ndizi na nyama kwa meneja, akaondoka. Kesho yake kompyuta mbili, moja ya ofisini na ile ya meneja, zilikataa kabisa kufungua barua.

Tupokigwe akanunua daftari. Akafungua ukurasa wa mipangilio kwenye kompyuta ya ofisini iliyokuwa bado inafanya kazi, akanakili kila mstari: jina la seva, jina la akaunti, namba zote. Kamusi ilikuwa pembeni, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha nne. Chini kabisa akakuta kisanduku kitupu na maneno yaliyosema: acha nakala kwenye seva. Akayasoma mara tatu. Kisha akacheka peke yake, kicheko kisicho na furaha.

Akaziweka mbili za ofisini sawasawa na daftari, akazipa neno moja la siri, akatia tiki kwenye kisanduku kile. Akaenda Msasani kwa kisingizio cha hati nyingine, akaipanga ya kule vivyo hivyo, akatia tiki. Jumatatu barua moja kutoka Mombasa ilionekana kwenye kompyuta zote tatu.

Mkutano mkuu ulipofika, Asajile alimsifu mtaalamu kwa dakika kumi. Mzee Ambwene wa Kinyala, aliyekuwa amechuma majani yake bure, akainua fimbo.

"Mwanangu," alimwuliza Tupokigwe, "huyo mtaalamu alifanya nini hasa?"

"Alibadilisha picha, baba. Kompyuta nilizipanga mimi."

"Na barua yetu ya chai?"

"Ipo nyumbani kwa meneja. Mpaka juzi ilikuwa haijasomwa."

Mzee akasema "ndaga," asante ya Kinyakyusa, taratibu, akakaa. Wiki hiyo hiyo wanachama walikwenda Msasani, wakaibeba kompyuta, wakairudisha ofisini.

Umeneja hawakumpokonya. Watu wa aina ya Asajile hawang'oki kwa kimbunga, sembuse kwa aibu. Ila tangu siku ile wakulima wakija ofisini walipita mlangoni kwake bila kubisha, wakaenda moja kwa moja kwa Tupokigwe kuuliza chai yao imefika wapi. Naye akawafungulia sanduku, akawasomea, kila barua na tarehe yake.

Mwishoni mwa mwezi Asajile alimwagiza achape barua ya kumshukuru Erasto. Aliichapa. Ikarudi ina sahihisho moja la kalamu nyekundu: baada ya neno "mtaalamu" aongeze "bingwa". Akaongeza.