Bendi Yetu Ilipoimba Kiitaliano

Enzi zetu, sisi watoto wa Kitengela ya vumbi na pundamilia, kabla maghorofa hayajameza malisho, muziki ulitengenezwa kwa mikono na mara nyingi ulituchubua vidole. Leo mwanangu anaziba masikio kwa vitu viwili vyeupe na kuzunguka nyumbani kama mtu aliyekosana na ukoo mzima. Sisi tulipopiga muziki, hata punda wa jirani alijua.

Tulikuwa watatu. Lemayian alikuwa mwimbaji na mkubwa wetu, kwa sababu gitaa lilikuwa lake: debe la mafuta ya kupikia, ubao, na nyaya za breki za baiskeli ya babake, ambaye tangu siku hiyo aliisimamisha baiskeli kwa miguu. Njoroge alipiga mtungi wa plastiki. Mimi, Nyambura, nilipuliza karatasi juu ya kichana, na mlio huo ndio uliokuwa stima ya gitaa letu. Tulikuwa bendi ya roki. Roki yenyewe tuliisikia mara moja tu, kwenye redio ya lori la mchanga lililoharibika karibu na kwetu, lakini mara hiyo moja ilitutosha. Nyimbo zetu zilihusu ng'ombe, maana Lemayian hakuona kitu kingine duniani kinachostahili wimbo. Mama alikuwa akitoka jikoni na mwiko: "Nyambura! Hiyo kelele itakausha maziwa ya huyu ng'ombe, na wewe ndio utakunywa chai ya rangi!"

Mtu mzima mmoja tu alitupenda: Padre Gino, Mwitaliano wa misheni. Baada ya misa tulimwinamishia vichwa atuguse, kama tulivyofanya kwa mzee yeyote, kisha akaketi barazani akitikisa mguu kwa mdundo wetu. Alikuwa na redio ya kaseti, na alikuwa ameturekodia nyimbo zetu zote nne.

Halafu Jumapili moja akatangaza kwamba mama yake amezeeka na anamtaka nyumbani. Huenda asirudi tena. Watu wazima wakaanza kupanga zawadi. Sisi tulijificha nyuma ya tangi la maji tukalia, na sioni haya kusema, tulilia hadi makamasi. Lemayian ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Tunakosea," akasema. "Padre si wa kuombwa. Mtoto ni wa yeyo wake. Ukitaka mtoto wa mtu, unaomba mama."

"Na huyo mama hajui Kiswahili," Njoroge akasema.

"Basi tutamwimbia na Kiitaliano."

Hakuna aliyecheka. Kwetu mambo yalikwenda hivyo, huwezi kumkalisha mtu mbali na kwao bila ruhusa ya aliyemzaa. Tungerekodi upya nyimbo zote, wa mwisho tukiubadilisha uwe wa kumwomba mama, na Padre mwenyewe angebeba kaseti. Hata mwalimu tulikuwa naye: Mzee Kimani, mpishi wa misheni, aliyejisifu kwamba kwa miaka yote aliyompikia Padre, hakuna neno la Kiitaliano lililompita.

Kwa wiki mbili tulipiga foleni mlangoni pa jiko lake. Tunampa mstari, anafumba macho, anakuna kidevu, anatupa Kiitaliano. "Ng'ombe wetu mwekundu amepotea" ikatoka tamu ajabu. "Mama, turudishie Padre" aliisema kwa mikono yote miwili. Tulikariri hadi tukaota. Mchana mmoja Padre akiwa Kajiado, Mzee Kimani akatutolea ile redio ya kaseti, Lemayian akavaa miwani isiyo na vioo, tukarekodi. Juu ya bahasha tukaandika "Ya Mama peke yake," na Padre, mtu mtiifu, akaondoka nayo bila kuifungua.

Miezi ikapita. Debe likaning'inia ukutani. Mama yangu, aliyetamani utulivu kwa miaka, akaanza kuuliza kama tunaumwa.

Siku moja gari la misheni likasimama, akashuka Padre Gino na sanduku lililobebwa na watu wawili. Lilijaa makaroni. Alituita barazani akicheka huku anafuta machozi.

Mama yake aliita majirani wasikilize. Wimbo wa kwanza ulisema: chumvi haitoshi, chumvi haitoshi. Wa pili: viazi vimeungua tena. Wa tatu: supu imekwisha. Na wa nne, ule tulioimba kwa moyo wote: mama, nina njaa, leta sahani haraka. Kumbe Kiitaliano chote cha Mzee Kimani kilikuwa kile Padre alichokisema mezani! Bibi kizee alizima redio, akamgeukia mwanawe: "Umekaa hapa kunilisha mimi niliyeshiba, na watoto wako wanalia njaa? Rudi!" Sanduku alilifunga mwenyewe.

Mzee Kimani alisikia yote akiwa mlangoni. "Si amerudi?" akauliza, akarudi kwenye sufuria zake.

Mwezi uliopita tulimzika Padre Gino huko Kajiado. Mwanangu aliposikia tutaimba, alininyooshea simu. "Mathe, hii inatafsiri kila kitu. Acha niwatolee words za ukweli, msiaibike." Kufumba na kufumbua, nyimbo zetu nne zikawa Kiitaliano safi, kisicho na kosa hata moja. Nikamwambia aiweke mfukoni. Hao watoto wana kila jibu, lakini Kiitaliano safi kingetuletea barua ya shukrani tu, si Padre.

Tukasimama kaburini, wenye mvi watatu, Lemayian na debe jipya lenye nyaya za breki. Tukaimba chumvi, tukaimba viazi, tukaimba supu. Mtawa mmoja Mwitaliano akaziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtikisika. Tulipofika wimbo wa nne, ule wa kumwomba mama yake, nilishindwa kupuliza kichana. Yule bibi alishafariki zamani, na safari hii hatukuwa na mtu wa kumwomba aturudishie.