Boksi la Ladu Lililoishia Goba

Nyie wa Usangi mmenisumbua tangu nirudi: Mwalimu ulifuata nini Dar, na mbona umerudi mikono mitupu? Basi kaeni niwaeleze, maana nimechoka kujibu mmoja mmoja njiani kama nadaiwa.

Niliitwa kwenda kuchagua mrushaji wa timu ya taifa ya kriketi ya wasichana. Najua mmecheka. Hata mume wangu alicheka, akasema, "Taifa zima limekosa watu mpaka wakuite wewe na goti lako hilo?" Goti limekwisha, sikatai. Lakini kabla halijakwisha nilirusha mpira miaka yote niliyosoma Dar, na aliyekuwa ananidakia mazoezini ndiye aliyenipigia: Mzee Murtaza, mwenye duka la rangi Kariakoo. Warushaji wengine walishapatikana, ilibaki nafasi moja. "Njoo Mwalimu," aliniambia. "Macho yangu yamezeeka. Nikikosea hapa nitakuwa nimemkosesha mtoto wa watu." Nikafunga begi siku ileile.

Kwa asiyeujua mchezo, jambo lenyewe si gumu. Mrushaji anakuja mbio, anazungusha mkono ulionyooka, na mpira unatakiwa udunde mara moja mbele ya mpigaji kabla ya kugonga vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake. Usipodunda kabisa, mpigaji anaupiga anavyotaka. Ukidundia mbali naye, anausubiri huku anajikuna. Ufundi wote uko pale mpira unapodundia.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Kinondoni, kwenye uwanja tambarare kama meza. Kufikia saa nne tulikuwa tumebaki na wasichana wawili. Sabra wa Temeke, mfupi, mpole, mpira wake unadundia palepale kila akirusha. Na Upendo wa Goba, mrefu, ana kasi jamani! Mkono ulipozunguka mara ya kwanza nilisimama bila kujua kama nimesimama. Tatizo mpira haukudunda. Ulipita hewani moja kwa moja, na wa pili hivyohivyo, na wa tatu ukampita Murtaza juu ya kichwa.

"Fupisha, shosti!" Sabra alimpigia kelele kutoka pembeni, na alimaanisha kumsaidia. Upendo alijaribu, ikawa mbaya zaidi.

Murtaza alivua glavu. "Mkono mzuri," akasema. "Lakini tunatafuta mrushaji, hatuwindi ndege." Nilikasirika, na kilichoniudhi hasa ni kwamba alisema kweli. Tukakubaliana: Sabra.

Sasa Murtaza ana desturi yake. Majina hatangazi uwanjani, anakwenda nyumba kwa nyumba kama mshenga. Anasema hawa ni watoto wa kike na wanapelekwa nchi za watu, kwa hiyo wazazi lazima waombwe kwa heshima. Na asiyechaguliwa naye anafuatwa kwao, akaambiwe akiwa karibu na mama yake. Nyumba ya aliyechaguliwa inapelekewa boksi la ladu, zile tamu za mviringo, za njano, kutoka kwa muuza vitamu mmoja wa mjini anayemwamini. Kwa hiyo Jumapili tuliondoka na boksi moja kwenye kiti cha nyuma. Goba kwanza kusema hapana, halafu Temeke kusema ndiyo.

Kosa alilifanya usiku wa kuamkia siku hiyo. Alimpigia simu mama yake Upendo akamwambia, "Mama, kesho mchana tunakuja, tuna mazungumzo na familia." Basi, akakata. Jamani! Unamwambia mama Mchaga wa Rombo kwamba wageni wa timu ya taifa wanakuja mchana, wana mazungumzo na familia, halafu unakata simu?

Saa sita tuliingia Goba. Gari ilipanda ile milima inaguna, Murtaza naye anaguna. Tulipokata kona ya mwisho nikaona turubai. Chini yake viti vya plastiki, majirani wamevaa wakapendeza, mchungaji na tai yake, na harufu ya pilau. Mama Upendo alitoka getini na kitenge kipya, akachungulia dirisha la nyuma la gari, akaliona boksi. Vigelegele vilivyofuata sina haja ya kuwasimulia.

Murtaza, mzee mzima, akawa mdogo kama kidonge cha piritoni. "Mwalimu," akaninong'oneza, "sema wewe."

"Aliyepiga simu nani?"

Tukakalishwa mbele. Mama Upendo aliposikia natoka Usangi akapiga makofi. "Kumbe mgeni wangu Mpare! Basi leo, mtani, utakula kuku wa kweli, si yule mnayemchora ukutani mkala ugali mkimtazama." Watu wakacheka, nami nikamwambia nimefurahi kumkuta Mchaga anayegawa bure, nitakwenda kuhadithia. Halafu akamgeukia Murtaza, sauti ikashuka kwa adabu. "Na wewe baba usiwe na wasiwasi. Kuku wote kawachinja jirani yetu, Baba Shabani, yule pale. Sufuria nazo nimeazima kwake."

Baba Shabani akainua mkono. Murtaza alimtazama yule mama, akatazama sahani. Alikula. Mchungaji akaombea safari ya binti yetu, avuke bahari salama, na sote tukaitikia amina, waongo wawili tukiwemo.

Upendo mwenyewe ndiye hakucheka. Alikuja kuninawisha, na wakati anamimina maji akasema chinichini, "Mwalimu, mie najua. Jana nilivurunda. Mama nimemwambia, hataki kusikia. Nakuomba tu msimwambie mbele ya mchungaji na watu wote hawa."

Nikamwambia anionyeshe anapofanyia mazoezi, ili mradi nitoke pale.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kinjia kimefagiwa vizuri, kimepita kati ya ukuta wao na ukuta wa jirani. Vijiti vitatu vimesimamishwa mwisho wake, na katikati kumewekwa ndala moja kuukuu. "Ndala ya nini?" nikauliza. "Ndo mpira unapotakiwa udundie," akasema. Alikuwa na gauni la kanisani. Akavua viatu, akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akarusha. Ndala iliruka. Akairudisha, akarusha tena, ikaruka tena.

Hapo ndipo nikatazama vijiti vilipo, nikajikuta nimeinua kidevu. Njia yote inapanda! Nyie mmekulia Usangi kama mimi, mnajua mpira ukikuponyoka kwetu unakwenda kuuokota Kisangara, kule chini tambarare. Mtoto huyu hajawahi kurusha mpira ila kupandisha mlima. Kilima kinauinukia mpira, kinaupokea mapema, kwa hiyo mkono wake umejifunza kuupeleka mbali. Ukimweka kwenye uwanja wa meza, ardhi haiinuki, na mpira unapita tu hewani.

Nikamwita Murtaza. Alikuja na mkono una wali, akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Mwalimu, usichague kwa tumbo."

"Rusha wewe basi."

Alinawa, akarusha. Mpira ukadundia karibu na miguu yake, ukajaribu kupanda, ukachoka, ukateremka taratibu mpaka ukamgusa kiatu. Akaunyanyua, akaupangusa vumbi. Kisha akauliza, "Huku kwenu kuna mahali tambarare?"

Kulikuwa na uwanja wa shule ya msingi, bondeni. Tulishuka msafara mzima, mchungaji, akina mama, Baba Shabani na kiti chake cha plastiki, wote wakidhani ni sehemu ya sherehe. Murtaza akasimamisha vijiti. Akavua kiatu chake cha kulia, kile cheusi anachong'arisha kila asubuhi, akakiweka chini mbele ya vijiti. "Binti, vijiti visahau. Nigongee kiatu."

Wa kwanza ulipita juu. Nikamwona mama yake anashika kichwa, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuelewa. Nikamsogelea Upendo. "Kwenu kilima kinakuja kukupokea. Huku hakuna anayekuja. Chelewa kidogo kuuachia." Wa pili ulikaribia. Wa tatu ulikigonga kiatu, ukaruka, ukang'oa kijiti. Uliofuata ukakipiga tena mpaka kikageuka tumbo juu. Murtaza kachuchumaa nyuma na soksi yake iliyotoboka dole gumba. Kila mpira ulikuwa unamwingia mikononi kwa kishindo, na mikono ilikuwa inamuuma, niliona.

Mwishowe akasimama ameshika kiuno. "Kasi hii sijaidaka tangu ulipoumia goti," akasema.

"Na Sabra?"

"Usiniulize Sabra, Mwalimu. Nakuomba."

Tulipanda hadi nyumbani. Alikwenda kwenye gari anachechemea, kiatu mkononi, akarudi na boksi, akampa mama yake Upendo kwa mikono miwili. "Mama, tumekuja kumwomba binti yenu."

Mama alitutazama mmoja mmoja, machozi tayari. "Si ndo mlichokujia?"

"Ndiyo, mama," akasema Murtaza. Miaka yote niliyomjua, ukiacha ile amina, huo ndio uongo pekee niliomsikia akisema. Upendo alijificha uso kwenye bega la mama yake, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo.

Jioni tulifika Temeke. Sabra analelewa na bibi yake, na bibi huyo alikuwa barazani anatungoja. Jirani yao alipata boksi mwaka juzi, kwa hiyo desturi anaijua. Alitutazama mikononi kabla hajatutazama usoni. Kisha akasema, "Karibuni wanangu. Chai ipo."

Murtaza alisema mwenyewe, sikumsaidia, na hakuzungukazunguka. Sabra aliuliza, "Yule wa mipira ya juu?"

"Ameifupisha," nikasema.

"Mie ndo nilimwambia afupishe." Akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Bibi akaleta chapati na maharage. Tumbo langu lilikuwa na pilau ya Goba mpaka shingoni, lakini huwezi kumkataa binti wa watu halafu ukakataa na chakula chao. Tulikula zote. Bibi hakutulaumu hata kwa neno moja, na heri angetulaumu.

Tulipoaga, mlango ulifunguliwa. Sabra alitoka na macho mekundu, akatusindikiza mpaka kwenye gari, maana mgeni husindikizwa hata kama amekuletea msiba. Akachungulia kiti cha nyuma.

"Mwakani mtakuja tena?"

"Tutakuja, inshallah," akasema Murtaza.

"Basi mje na boksi."

Murtaza alitia ufunguo, na hakuuzungusha mpaka yule mtoto alipoingia ndani.

Asubuhi yake nilipanda basi la kurudi. Njia nzima niliwaza kwamba kumbe mkono wa mtu huujui mpaka uone ardhi iliyoufundisha, na kwamba nafasi ikiwa moja, furaha ya nyumba hii lazima ipitie mlangoni kwa nyingine. Sikununua kitu njiani. Sikuwa na hamu. Ndiyo sababu ya mikono mitupu, sasa mmejua.

Ila juzi Murtaza kanitumia video. Ni Goba, kile kinjia cha nyuma ya nyumba, na anayerusha ni Sabra. Kapanda huko mwenyewe kujifunza mlima. Mipira yake yote inafia njiani na kuteremka, Upendo anaiokota huku kakauka kwa kucheka, na Sabra anamwambia, "Cheka tu shosti, lete mpira." Wa mwisho kabla video haijakatika umeitikisa ndala. Nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, halafu nimemjibu mzee wangu: anza kuagiza ladu.