Ripoti Iliyofungwa Siku ya Kumi na Nne

Fundi wetu wa kompyuta tulimwita Takwimu, na jina lilimkaa. Hanunui hata kandambili kabla hajasoma maoni ya walionunua. Mimi ni muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti, na mdomo wangu haujui kupumzika, kwa hiyo nilikuwa namtania kwamba hata mkewe alimpata kwa chati. Alikuwa anacheka tu, mpole wa watu.

Yeye ndiye aliyetuchagulia programu ya kengele. Inasoma joto la kila mtoto aliye kwenye kisanduku cha joto, na likizidi au likipungua, kengele inalia mezani kwangu. Ni programu huria, ya bure, inaandikwa na watu wa kujitolea, na yeyote anaweza kuingia mtandaoni akaona wanavyofanya kazi. Takwimu alilinganisha tano, akaniletea hesabu zake.

"Dada, tazama hii. Marekebisho arobaini kila wiki. Na kila tatizo linaloripotiwa linafungwa, yaani limemalizwa, ndani ya siku kumi na nne. Huu mradi una afya kuliko mimi."

Haya, nikakubali. Ningejuaje?

Mwaka uliofuata mkewe akajifungua miezi miwili kabla ya wakati. Binti, kilo moja na robo. Nikamlaza kisanduku namba tatu.

Siku ya nne napita pale, naona kipimo kinasoma thelathini na tisa. Mtoto mwekundu, anahema juujuu. Kengele kimya. Nikafungua, nikampooza mpaka akatulia, kisha nikamjia juu baba yake palepale kwenye korido.

"Weee! Kengele yako bubu! Ungemkuta maiti!"

Akatoa simu. Aliandika ripoti kwa wenye programu, na jibu likaja papo hapo: asante, tumepokea. "Umeona? Wako macho," akasema, akinionyesha simu.

Tukaanza kuwapima kwa mkono kila robo saa, wauguzi watatu kwa visanduku tisa. Chooni nilikwenda mbio na kurudi mbio. Nisidanganye, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini. Kila nikigeuza mgongo nilihisi kuna mmoja anaungua nyuma yangu.

Siku ya kumi na nne tangu aandike ripoti, mchana, Takwimu aliingia ameikumbatia kompyuta yake kifuani.

"Wameifunga ripoti yangu."

"Wamerekebisha? Alhamdulillahi!"

"Hapana, dada. Wameifunga kwa sababu hakuna mtu aliyeijibu. Ni roboti, programu inayojiendesha yenyewe; hata ile asante ilitoka kwake. Kila ripoti ikifika siku kumi na nne, roboti inaifunga. Na yale marekebisho arobaini ni roboti vilevile, inabadilisha namba za matoleo ya programu tu. Mtu wa mwisho kuandika humo aliandika mwaka juzi."

"Sasa zile ripoti nyingine zilizofungwa?"

"Nimezifungua moja moja. Kumi na moja ni za kengele kutolia, za hospitali nyingine." "Katika moja wanasema wamempoteza mtoto."

Nikakaa chini, mimi ambaye sikai zamu nzima. Tuliizima programu saa ileile. Akawaandikia moja kwa moja wote kumi na moja walioripoti: izimeni, pimeni kwa mkono, msingoje jibu, humo hamna mtu. Kisha akasimama kwenye kisanduku namba tatu, mkono ndani, vidole viwili juu ya kifua cha binti yake.

Jibu la kwanza lilifika kabla ya saa kumi. Lilitoka kwa muuguzi mwenzangu nisiyemjua, wa ile hospitali iliyompoteza mtoto. Takwimu aliniomba nimsomee, kwa kuwa hakutaka kuutoa mkono. Yule muuguzi hakututukana. Alishukuru, akasema fundi wao naye alisitasita sana kuichukua programu ile. Aliichukua alipotazama mtandaoni orodha ya hospitali zinazoitumia, akaona jina la hospitali yetu.