Unga wa Ua la Mtakatifu Yosefu

Nisipowasimulia mimi mwenyewe, mke wangu Zawadi atawasimulia na atatia chumvi, kwa hiyo afadhali aibu hii itoke mdomoni mwangu. Mnakumbuka nilikuwa mchimba dhahabu kule Salamabila, na baba yake Zawadi, Papa Anselemi, katekista wa hapa kwetu Kasongo, alikuwa ameshasema binti yake haolewi na mtu wa migodini, kwa sababu sisi (maneno yake) ni watu wa pombe na matope. Paroko akanionea huruma, akanipa kazi ya kubeba ua la Mtakatifu Yosefu siku ya sikukuu yake, lile yungiyungi jeupe, alama ya mume mwenye moyo safi, na matumaini yangu yote nikayaweka kwenye ua hilo moja.

Sista wa bustani alinikatia asubuhi, linanukia mpaka barabarani, akaniambia, "Mutoto wangu, utoe kwanza ile vitu ya manjano iko ndani." Nikaitika, ndiyo Sista, lakini sikutoa, maana nilijiambia, nitampelekeaje Mtakatifu ua lililonyofolewa matumbo?

Basi kwenye maandamano ya kuelekea altareni nikainama nikalinusa, mara tatu, polepole, macho nimefumba (ili Papa Anselemi aone ibada yangu), na ule unga wa vile vitu vya manjano, wenye rangi ya udongo wa shimoni, ukanijaa puani na mashavuni nami sina habari. Wanakwaya wakaanza kuziba midomo. Nilipohisi pua inawasha nikajifuta kwa leso yenye maji, kosa la pili, kwani unga ule ukipata maji haushikiki, ukaenea uso mzima, ukashuka mpaka kwenye shati jeupe nililoazima.

Nje ya kanisa Papa Anselemi alikuwa ananisubiri na mkewe.

"Weye kijana, hata siku ya Yosefu unatoka mu shimo bila kunawa? Zawadi umusahau."

Nilimpenda binti yule, na pale niliona nimempoteza.

"Papa, ni ua," nikasema.

"Ua haiwezi kuchafula mutu." Akaninyang'anya, akatumbukiza pua nzima ndani, akavuta pumzi ili kuniumbua mbele ya watu.

Alipoinua uso, Mama Zawadi alimtazama, akamtazama tena, kisha akakaa chini kwenye ngazi ya kanisa, anacheka mpaka kitenge kinamlegea.

"Papa Anselemi, na weye leo ulichimba wapi?"

Mzee akajigusa pua, akaangalia kidole chake. Akanirudishia ua langu.

"Siku ya posho ulete wazee wako," akaniambia, yaani Jumamosi nilete posa, "na usiseme kitu kwa Paroko."

Tukaenda kunawa pamoja kwenye bomba la misheni, na unga haukutoka. Siku hizi nikipewa ua la kanisa nalibeba mkono nimeunyoosha mbele kabisa, na anayesema ninaringa, aseme.